Samunge baada ya foleni ya kikombe

Kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu ni lami tupu, na basi la Loliondo linakimbia sawa na magari ya watalii yanayokwenda Ngorongoro. Mto wa Mbu ndipo safari inapogeuka. Gari linakata kulia, linaingia kwenye vumbi la Engaruka, na kuanzia hapo abiria hufunga vitambaa puani. Kushoto kuna ukuta wa Bonde la Ufa. Mbele unasimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamasai, volkano hai ambayo ililipuka mwaka 2007 na kuendelea kumwaga majivu hadi mwaka uliofuata. Baadaye unatokea weupe wa Ziwa Natron na joto la Ngaresero, kisha njia inapanda ukuta ule kwa kona kali, na hewa inaanza kupoa.

Juu huko ndiko kwa Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi. Ni wakulima waliozungukwa na wafugaji. Kwa vizazi wamemwagilia mashamba yao kwa mifereji inayoanzia kwenye chemchemi za vilimani, na zamu za maji hupangwa na wazee wa kijiji. Digodigo, Sale na Samunge ni vijiji vyao. Anayefika Samunge leo bila kujua historia yake ataona kijiji cha kawaida chenye nyumba, mahindi, mbuzi na kanisa. Hataona dalili kwamba Machi 2011 magari yalijipanga hapa kwa zaidi ya kilomita 20.

Waliokuwa watu wazima wakati huo hawahitaji kukumbushwa. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyekuja kujulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo, alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto mti unaotibu magonjwa sugu. Alikuwa akichemsha mizizi yake na kumpa kila mgonjwa kikombe kimoja kwa Sh500. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa yale ambayo familia nyingi huyasema kwa sauti ya chini: Ukimwi, kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu. Habari zilisambaa kwa simu, kwa magazeti na kwa ushuhuda wa makanisani. Walikuja wakulima na walikuja vigogo. Wengine walikuja kwa lori, wengine kwa helikopta. Walitoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na mbali zaidi.

Bei ya kikombe haikupanda, na hilo lilimpa mzee huyo heshima ambayo wengi wanaouza tiba za miujiza hawana. Kilichopanda ni kila kitu kingine. Nauli kutoka Arusha ilifika laki moja na kuzidi. Maji ya chupa, uji, nafasi ya kulala chini ya turubai, vyote vilikuwa na bei ya foleni. Familia ziliuza mbuzi na kukopa kwa majirani ili kufikia dawa ya shilingi mia tano.

Gharama kubwa zaidi ililipwa na wale waliotolewa wodini. Wagonjwa wasioweza kukaa wima walipakiwa kwenye magari na ndugu zao wakaanza safari ya siku nzima kwenye mawe na vumbi, kisha wakakaa kwenye foleni siku tatu, siku tano, wengine wiki. Mwishoni mwa Machi 2011, taarifa za mamlaka zilisema watu 52 walikuwa wamefariki dunia wakisubiri. Haikusemwa kwamba walikufa kwa kunywa dawa. Wengi wao hawakuwa wamekifikia kikombe. Waliuawa na safari, na kwa kukosa kile walichokiacha hospitali: dripu, oksijeni, sindano ya saa fulani. Mchungaji Mwasapile mwenyewe aliomba watu wapya wasije kwanza mpaka foleni ipungue.

Jambo hilo ndilo mzazi anayesoma habari za tiba mbadala anapaswa kulitazama kwa makini kuliko yote, kwa sababu mjadala wa wakati ule ulikwama mahali pengine. Nchi nzima ilikuwa ikiulizana kama dawa ya Babu ni sumu au si sumu. Wataalamu wa serikali walikwenda, wakachukua sampuli, wakapima, wakatangaza kwamba kwa kipimo kile haina madhara kwa mnywaji. Tangazo lilikuwa la kweli. Lakini katika masikio ya mgonjwa wa kisukari aliyekuwa Singida au Moshi, "haina madhara" iligeuka kuwa "inaponya". Maneno hayo mawili yako mbali kama Arusha na Samunge. Maji ya kunywa hayana madhara, na hayatibu saratani.

Mti wenyewe haukuwa mgeni. Wasonjo wanauita mugariga. Wamasai, ambao kwao ni olamuriaki, wamekuwa wakitia mizizi yake kwenye supu ya nyama tangu zamani. Wataalamu wa mimea wanaufahamu kama Carissa: kichaka chenye miiba mirefu, maua meupe yenye harufu nzuri na matunda madogo yanayolika. Unaota Afrika Mashariki yote, hata mahali ambapo watu walipita juu yake wakiharakia kupanda gari la Loliondo.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu, wenye digrii na wenye bima, walikwenda? Jibu la haraka ni ujinga, na ni jibu baya. Mzazi mwenye mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza anaelewa vizuri zaidi. Mtoto huyo anachomwa insulini mara kadhaa kwa siku, leo, kesho, sikukuu na siku ya mtihani. Anatobolewa kidole kupima sukari. Mama anaamka usiku kumshika paji la uso kuona kama anatoka jasho. Hospitali inampa dawa, lakini haimwambii kamwe neno "mwisho". Samunge ilimwambia. Kikombe kimoja, mara moja, basi. Mtu aliyechoka kumeza vidonge kila siku hakuwa akinunua mizizi kule, alikuwa akinunua siku ya kupumzika.

Tatizo ni kwamba mwili haupumziki. Mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza akikatishwa insulini, damu yake huanza kujaa asidi, anatapika, anapumua kwa kasi na anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye kifafa akiachishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika. Mwenye virusi vya Ukimwi akiacha ARV anaweza kujisikia vizuri kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu anashuhudia kwamba amepona huku virusi vikiongezeka kimyakimya na vingine vikijifunza kuishi na dawa. Dawa hizo hutolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Watanzania wanaoishi na virusi vya Ukimwi ulionyesha kwamba waliokwenda Loliondo walipungua kushika ratiba ya ARV kuliko wasiokwenda. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba mugariga ni sumu ili hilo litokee. Ilitosha kuamini.

Baada ya Samunge vikombe viliota kama uyoga. Mbeya walikuwa na chao, Tabora walikuwa na chao. Neno "kikombe" lenyewe likabadilika maana, likawa utani wa vijiweni. Foleni zikapungua taratibu, wenye mahema wakakunja, na kijiji kikarudi kwenye mifereji yake. Mchungaji Mwasapile aliendelea kuishi hapo hadi alipofariki dunia Julai 30, 2021, akiwa na zaidi ya miaka 80.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuondoka Samunge ukidhani kwamba mizizi na majani ni mambo ya kucheka. Watu wa hospitali wenyewe hawasemi hivyo. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974, na sasa ni taasisi kamili. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga. Na katika nyanda hizi hizi za kaskazini, wakulima wamewahi kulima kwa mkataba mmea wa pakanga aina ya Artemisia annua, ambao majani yake hutoa artemisinini. Hiyo ndiyo nguvu iliyo ndani ya dawa mseto ambayo karibu kila mzazi nchini amewahi kumpa mtoto mwenye malaria. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyoanzia kwenye vitabu vya kale vya mitishamba vya nchi yake.

Ajabu ni kwamba majani yaleyale yakichemshwa kama chai nyumbani, Shirika la Afya Duniani halishauri yatumike kutibu malaria. Sababu ni rahisi kuielewa ukiiwazia jikoni. Sufuria moja ya chai inaweza kuwa na dawa nyingi, nyingine kidogo, kulingana na shamba, msimu, umri wa majani na muda wa kuchemsha. Mtoto anapata kiasi kinachoshusha homa lakini hakiui vimelea wote. Waliobaki wanazaana wakiwa wameshaizoea dawa. Kidonge cha dawa mseto kina kiasi kilekile kila siku, na kimeunganishwa na dawa ya pili ya kumalizia kazi.

Kuna ua jingine la kufikirisha zaidi. Lina petali tano, rangi ya zambarau hafifu au nyeupe, na linaota bila kupandwa kwenye kuta za Tanga, Mombasa na Unguja. Asili yake ni Madagascar. Kutoka kwenye majani yake hupatikana vinkristini, dawa inayotumika kutibu saratani ya damu kwa watoto na uvimbe wa Burkitt, saratani ya taya na tumbo inayowapata zaidi watoto wa ukanda wetu. Lakini inahitaji mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja tu, na gramu hiyo hupimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wa mtoto, kwa sababu ikizidi kidogo inaharibu neva. Bibi anayechuma majani hayo ukutani na kuyachemsha hajakosea kuhusu ua. Anachokosa ni mizani.

Mizani ndiyo inayokosekana pia kwenye vitamini, na hapa wazazi wa mjini wasijione wajanja kuliko wale waliopanda malori ya Loliondo. Chupa yenye picha ya mtoto anayecheka, inayouzwa kupitia simu kwa ahadi ya kuongeza kinga, akili na hamu ya kula, ni kikombe chenye nembo. Bei yake inapita Sh500 kwa mbali. Vitamini C ikizidi, kwa kawaida nyingi hutoka na mkojo, hasara ni ya mfuko. Vitamini A haitoki hivyo. Inajilimbikiza kwenye ini. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa mama mjamzito ni hatari zaidi: mtoto mdogo akivikuta mezani akavimeza kama pipi, anaweza kufa.

Wakati huohuo vitamini hiyohiyo A, ikitolewa kwa kipimo, inaokoa watoto. Kila Juni na Desemba watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone yake kwenye vituo vya afya nchini, yuniti 100,000 kwa wasiofikisha mwaka na 200,000 kwa waliozidi. Mwenye surua hupewa pia hospitalini kama sehemu ya matibabu. Zinki ni hivyohivyo: mtoto anayeharisha hupewa kidonge chake kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya ORS. Kwa hiyo anayesema hospitali inachukia vitu vya asili hajawahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya watoto.

Kwenye benchi hilo, iwe Digodigo au Temeke, kuna mazungumzo ambayo kila muuguzi anayajua.

"Mama, kuna dawa yoyote mtoto amepewa nyumbani?"

"Hapana, nesi."

Kimya. Kisha bibi aliyesindikiza anakohoa. "Tulimchemshia mizizi kidogo tu, juzi. Na ile ya maji ya duka."

Mama hakusema uongo kwa ubaya. Anaogopa kugombezwa mbele ya watu, na mara nyingi ana sababu ya kuogopa, maana wapo wauguzi wanaofoka kabla ya kusikiliza. Lakini jibu lile la bibi linaweza kubadilisha matibabu yote. Ini na figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa, na mizizi iliyochemshwa haina maandishi ubavuni yanayosema ina nini ndani. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji hata maji, achilia mbali mizizi, kwa sababu maziwa ya mama yanamtosha. Ikiwa alishapewa, daktari anahitaji kujua mti gani, kiasi gani na saa ngapi, na kama jani au kipande cha gome kipo ni vizuri kije nacho.

Jambo lisilosubiri kabisa ni degedege. Maeneo mengi ya nchi, watafiti walikuta imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo aanzie kwa mganga, afukizwe na kuogeshwa dawa, na hospitali ije baadaye. Kwa macho ya hospitali, mtoto mwenye homa anayekakamaa na kugeuza macho anaweza kuwa na malaria kali iliyofika kwenye ubongo, na saa zinahesabika. Wengi waliochelewa kwa sababu hiyo walikufa muda mfupi baada ya kufika wodini, na kila kifo kiliiongezea imani ile nguvu: si mliona, kachomwa sindano, kafa.

Tanga ilipata njia yake ya kulimaliza fumbo hilo, angalau kwa sehemu. Kuanzia miaka ya 1990, wakati Ukimwi ulipokuwa hauna dawa nchini, madaktari wa huko walikaa pamoja na waganga wa jadi. Waganga walitoa mitishamba iliyowasaidia wagonjwa kwenye fangasi za kinywani, kuharisha na kukosa hamu ya kula. Madaktari walipima na kufuatilia. Waganga walijifunza dalili zinazomaanisha mgonjwa apelekwe hospitali leo, si kesho. ARV zilipokuja, mganga hakuwa adui wa kidonge, kwa sababu alikuwa ameshazoea kuingia wodini kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyeombwa kuacha kimoja ili apate kingine. Samunge haikupata muda wa kufanya hivyo. Foleni ilifika kabla ya mazungumzo.

Wilaya ya Ngorongoro, ambamo Samunge imo, ina hospitali yake pale Wasso, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na padri aliyekuwa pia daktari, Herbert Watschinger kutoka Austria. Wakati foleni ya kikombe inapita, magari yaliyotoka upande wa Serengeti na Musoma yalipita jirani na hospitali hiyo kuelekea vilimani. Barabara kati ya Wasso na Sale ilikuwa mbaya kiasi kwamba mjamzito mwenye uchungu aliiogopa kuliko uchungu wenyewe. Sasa kipande hicho, kilomita 49, kimewekwa lami. Bado kutoka hapo kushuka hadi Mto wa Mbu ni vumbi na mawe, lakini kwa mama wa Samunge mwenye mtoto anayepumua kwa shida, lami iko upande anaouhitaji.

Magari yanayopita sasa ni ya abiria wachache, ya mahindi, ya watalii wanaotafuta njia ya Natron, na mara mojamoja la kituo cha afya likiwa na kasha la baridi la chanjo. Kwenye vilima mugariga bado uko kila mahali. Mvua zikinyesha vizuri maua yake meupe yananukia hadi barabarani, na matunda yakiiva huwa meusi kama zambarau. Watoto wanaotoka shule huyachuma wakikwepa miiba, wakayala njiani, na midomo yao hufika nyumbani imeshabadilika rangi.